Walezi wawili, kikomo kimoja: Universal Credit na gharama za kulea watoto Uingereza

Mzazi anayeingia zamu saa moja asubuhi hawezi kutegemea nasari inayofungua saa mbili. Kwa hiyo siku ya mtoto hugawanywa: alfajiri kwa mama anayelea watoto nyumbani kwake, kisha nasari hadi jioni. Je, Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, itachangia wote wawili? Ndiyo. Sheria haihesabu walezi, inahesabu fedha ulizokwisha lipa, mradi kila mlezi awe amesajiliwa na mkaguzi rasmi: Ofsted kwa walio England, Care Inspectorate kwa walio Scotland. Bibi anayemlea mjukuu nyumbani kwa mtoto mwenyewe hahesabiki.

Kinachowaumiza wengi ni kikomo. Unarejeshewa hadi 85% ya ulicholipa, lakini kwa viwango vya mwaka 2025/26 haikuzidi pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, au pauni 1,768.94 kwa wawili na zaidi. Kikomo hicho ni cha kaya nzima, hakiongezeki kwa kuongeza mlezi. Kwa viwango hivyo, chukua mtoto mmoja: nasari pauni 780, mlezi wa alfajiri pauni 560, jumla 1,340. Asilimia 85 ni 1,139, ila utaishia 1,031.88, na pauni 308.12 zinatoka mfukoni mwako. Kwa mtoto mmoja, ukishapita takriban pauni 1,214 kwa mwezi, kila pauni inayofuata ni yako peke yako. Na ukisahau kumtaja mlezi wa alfajiri, unahesabiwa nasari tu: pauni 663. Hapo umepoteza karibu pauni 369 kwa risiti moja.

Tena fedha hiyo haiji kama hundi ya pembeni. Inaongezwa kwenye kiwango chako cha juu cha Universal Credit kabla mshahara haujaanza kukata peni 55 kwa kila pauni inayozidi kiasi unachoruhusiwa kupata bila kukatwa. Mwenye kipato kizuri anaweza kuona sehemu tu ya ile 85%.

Wanaotetea utaratibu huu husema kulipa kwa risiti kunazuia udanganyifu, na hoja hiyo ina uzito. Lakini gharama ya uthibitisho inamwangukia mwenye walezi wawili mara mbili. Kila mlezi anaripotiwa peke yake kwenye akaunti ya mtandaoni, na ushahidi wake: jina, namba ya usajili, jina la mtoto, kiasi kilicholipwa na tarehe za malezi. Ankara isiyoonyesha kwamba umelipa hukwamisha dai, kwa hiyo ambatisha na taarifa ya benki. Tarehe nazo hazingoji. Tuseme kipindi chako cha tathmini, yaani mwezi unaotumika kukokotoa malipo yako, ni tarehe 14 hadi 13. Ulichomlipa mlezi tarehe 10 Juni lazima kiripotiwe kabla ya 13 Julai kuisha, yaani mwisho wa kipindi kinachofuata; ukichelewa bila sababu ya msingi umekosa. Nasari inataka fedha tarehe 1, mlezi tarehe 25, na mzazi wa zamu za alfajiri ndiye wa kuzikumbuka zote. Naona si haki. Malipo yasiyobadilika yangeweza kuthibitishwa mara moja, kisha mzazi aripoti mabadiliko tu.

Njia nyingine ni Tax-Free Childcare, akaunti ya serikali ya kulipia malezi: ukiweka pauni 8 serikali inaongeza 2, hadi pauni 500 kwa kila miezi mitatu kwa mtoto. Akaunti moja ya mtoto inaweza kulipa walezi kadhaa, na hakuna risiti za kupakia. Kwa mfano wetu hiyo ni kama pauni 167 tu kwa mwezi, lakini inamfaa mwenye akiba inayozidi pauni 16,000, ambaye Universal Credit haimpokei. Huwezi kupata zote mbili. Usifunge Universal Credit kabla hujajibiwa kwamba umekubaliwa kule kwingine.

Saa 30 za malezi ya bure kwa wiki za England, kwa wazazi wanaofanya kazi, ambazo tangu Septemba 2025 zinaanzia mtoto akiwa na miezi tisa, zinaweza kugawanywa kati ya walezi, ila si zaidi ya sehemu mbili kwa siku moja. Andika kwenye fomu ya kila mmoja saa zake, la sivyo wote wawili watadai saa zilezile na ziada itarudi kwako kama bili. Saa hizo pia si gharama yako: kwenye Universal Credit unaripoti ulicholipa juu yake tu.

Wauguzi na wahudumu wa wazee waliokuja kutoka Afrika Mashariki kwa viza za kazi, wenye sharti la kutotumia fedha za umma, hawawezi kudai Universal Credit. Wanalipa nasari ileile na mlezi yuleyule kwa mshahara mtupu, mara nyingi mpaka mtoto afikishe miaka 3, ambapo kwa England hupata saa 15 kwa wiki ambazo hazitazami viza.