Ile bodi si takataka

Jumamosi kijana wa jirani alinijia na Tamagotchi ya shangazi yake, kile kichezeo cha yai cha mwaka 1997 chenye kinyama cha kulea kwenye kioo, uso uking'aa kwa furaha. Ameipasua na kuijenga upya: ESP32, yaani chipu ndogo ya kompyuta, kioo cha OLED kinachowaka chenyewe, betri ya lithiamu, tundu la kuchajia pembeni. Kazi ya mkono wake ni safi, sina neno. Nikamuuliza bodi yake ya zamani, ile sahani ya saketi yenye chipu, iko wapi.

"Ile? Niliitupa, dada. Ya kazi gani tena?"

Neno hilo limenikaa kooni tangu siku hiyo.

Tamagotchi ilipotoka Japani Novemba 1996 haikuwa na mengi: kioo cha nukta 32 kwa 16, vitufe vitatu, na chipu ya biti 4 iliyofunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Chini ya lile tone ndiko kuliko na njaa, usingizi, utundu na kifo. Kasha ni plastiki tu, lipake rangi upendayo. Mlio ukikukera, weka swichi ya kuuzima. Lakini ukiing'oa ile bodi umemng'oa mwenye nyumba, umebakiza kuta.

Na kile kinyama kinaishi kwa umeme. Umri wake, uzito wake, yote yako kwenye kumbukumbu inayofutika betri ikitoka. Nilijifunza hilo nikiwa darasa la tano. Yangu ilianza kufifia, nikaipeleka kwa fundi saa, akatoa zile betri mbili, akazifuta vumbi, akaweka mpya. Kioo kikawaka na yai jipya. Siku kumi na moja za kumlisha zilikwisha pale pale mezani kwa fundi. Nililia njia nzima, mama akadhani nimepigwa.

Kwa hiyo mwaka jana, nilipopata nyingine, jambo la kwanza nililofanya ni kuchomea kapasita ya farad 0.1, kijidude kinachohifadhi umeme kwa muda, chenye umbo la kitufe cha koti, kati ya chanya na hasi ya betri. Matone mawili ya risasi, basi. Nikasubiri ijae. Kisha nikatoa betri, mkono ukinitetemeka, nikageuza kioo. Kinyama kilikuwa kinatembea kushoto, kulia, kushoto, kama hakuna kilichotokea. Nikaweka betri mpya bila haraka. Hayo ndiyo marekebisho ninayoyapenda: chipu haijaguswa, na nikitaka kuirudisha ilivyokuwa, nayeyusha yale matone mawili tu.

Mtaniambia programu yake ya zamani imeshanakiliwa, na leo hata Arduino Uno, bodi ndogo ya wanaojifunza elektroniki, inaweza kuiendesha. Ni kweli, nakubali kwa shingo upande. Nakubali pia kwamba kuna walioziua kwa sababu ya maana. Desemba 2012 Natalie Silvanovich, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alisimama mbele ya watu Hamburg, Ujerumani, akaeleza alivyokuwa akizifungua Tamagotchi na kuzichunguza chipu zake, na baadhi hazikupona. Lakini kilichopatikana kwenye zile zilizokufa kiligawiwa kwa wote. Bodi ya shangazi imetufundisha nini ndani ya ndoo ya taka?

Tena kama unataka kujenga kwa ESP32, jenga! Nunua kasha tupu, au chonga lako, na kioo chako kiwake hadi alfajiri. Ya kijana huyu inakata chaji kabla ya jua kuzama, na kinyama kinacholala mchana kwa kukosa umeme si kile shangazi alichokibeba shuleni kwa wiki nzima kwa vibetri viwili vya saa. Mwanga huo angeweza kuupata kwa taa moja ndogo pembeni ya kioo kile kile.

Shangazi hajui bado. Anarudi kutoka Tanga mwisho wa mwezi, na najua atabonyeza kitufe cha kushoto kwanza, maana sote tuliozilea tunaanza hapo.

Mdogo wangu, najua unasoma hapa. Kama ndoo haijamwagwa, usiikwangue ile gundi nyeusi wala usiikunje bodi. Ifunge kwenye karatasi, uniletee jioni. Pasi ya kuchomea ninayo, kioo cha zamani tutakitafuta.