Mahindi ya Huruma

Msimu wa uwindaji ukifungwa, bunduki hurudi kabatini lakini magunia ya mahindi hayarudi ghalani. Huko Amerika Kaskazini kuna wawindaji wanaoendelea kuwapelekea kulungu chakula msituni wiki baada ya wiki, mpaka msimu mwingine ufunguliwe. Ukiwauliza kwa nini, sababu huwa ni zilezile: baridi ni kali, majike wana mimba, madume wanahitaji lishe ili waote pembe nzuri. Sizidharau sababu hizo. Anayezitoa mara nyingi ni mtu anayempenda mnyama kweli na anayetoa pesa mfukoni mwake bila kulazimishwa na yeyote. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba kulisha kulungu wa porini nje ya msimu, kwa namna wengi wanavyofanya, kunawaumiza kulungu kuliko kunavyowasaidia, na ubaya wenyewe hautokani sana na kilichomo ndani ya gunia. Unatokana na kuwakusanya mahali pamoja.

Nianze na njaa, maana ndiyo inayotangulizwa kila mara.

Kulungu wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini hakuanza jana kuishi na theluji. Kabla ya baridi hujiwekea mafuta mwilini na kuota manyoya mazito. Baridi ikishika, hupunguza mizunguko na hula kidogo, hata yule aliyefungiwa zizini na kuwekewa chakula tele. Anaweza kupoteza moja ya tano ya uzito wake, wakati mwingine zaidi, kisha majani yakichipua akaurudisha. Kwa hiyo yule kulungu mwembamba anayetutia huruma mwezi wa pili si lazima awe mgonjwa wala yatima wa msitu. Mwili wake unatumia akiba uliyoiweka kwa ajili ya miezi hiyo hiyo.

Halafu kuna suala la tumbo. Kulungu hucheua, na anayemsagia chakula si yeye bali vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza. Vijidudu hivyo hubadilika kufuatana na anachokula. Wakati wa baridi vimezoea vijiti, machipukizi na magome, yaani chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na wanga kidogo. Kuvibadilisha vizoee kitu kingine huchukua kama wiki mbili au tatu. Sasa mwaga lundo la mahindi mbele ya mnyama huyo katikati ya theluji. Atakula mpaka atosheke, wanga utachacha kwa kasi, asidi itapanda, kuta za tumbo zitaungua, maji ya mwili yatavutwa yaingie tumboni, na baada ya siku moja hadi tatu anaweza kuwa amekufa. Madaktari wa wanyamapori wanaopasua mizoga ya namna hii hukuta mafuta bado yapo mwilini na tumbo limejaa mahindi. Mnyama huyo hakufa kwa njaa. Amekufa ameshiba.

Anayelisha mfululizo tangu kabla ya baridi atasema hilo halimhusu, kwa kuwa kulungu wake wameshazoea. Ni kweli. Hapo namkubalia, na laiti tatizo lingekuwa la tumbo peke yake, mjadala ungeishia hapo.

Kuhusu pembe sitakaa sana. Mahindi yana protini kidogo, asilimia nane au tisa hivi, kwa hiyo hata kwa lengo hilo ni chakula dhaifu. Wanaojua hununua chakula cha vidonge chenye protini asilimia 16 hadi 20, na kweli kinasaidia, hasa katika miezi ya joto pembe zinapokua na majike wananyonyesha. Lakini kinachokuza pembe kuliko vyote ni umri. Dume wa mkia mweupe hufikia kilele cha pembe zake akiwa na miaka mitano hadi saba, na wapo wanaoangushwa wakiwa na mwaka mmoja na nusu tu. Kumwacha dume mchanga apite mbele ya bunduki ni bure. Labda ndiyo sababu hakuna anayelitangaza jambo hilo: haliuzwi kwa gunia.

Tena usidhani chakula hicho kinamfikia yule unayemkusudia. Penye hori hutawala mwenye nguvu. Madume wakubwa na majike wakongwe huwafukuza wadogo, na ndama, ambao ndio wenye akiba ndogo kabisa ya mafuta, hula makombo. Usiku huja rakuni. Huko Texas, ambako mashine za kumwaga mahindi zimetapakaa katika mashamba ya watu binafsi, nguruwe pori nao hupata mgawo wao na kuzaana. Mahindi yakilowa na kuota ukungu huingia sumukuvu, na ndege kama bata mzinga wa porini huathirika nayo mapema kuliko kulungu mwenyewe.

Yote hayo mtu anaweza kuyavumilia. Lisilovumilika ni maradhi.

Habari ya Michigan, jimbo la kaskazini mwa Marekani, inafaa kusomwa na kila anayebeba gunia. Jimbo hilo lilitangazwa kuwa huru na kifua kikuu cha ng'ombe mwaka 1979. Mwaka 1994 mwindaji mmoja kaskazini-mashariki mwa jimbo aliangusha kulungu aliyekuwa nacho. Wachunguzi walipopima kulungu wengine wa eneo hilo walikuta ugonjwa umejikita ndani ya kundi la porini, jambo ambalo wataalamu wengi waliamini haliwezekani bila ng'ombe wagonjwa kuendelea kuwaambukiza. Kilichokuwa tofauti mahali pale ni nini? Kwa miaka mingi klabu za uwindaji na wenye mashamba walikuwa wakimwaga viazi sukari, karoti na mahindi kwa malori, majira yote ya baridi. Kulungu walikuwa wameongezeka kupita uwezo wa ardhi, na kila siku walisogezeana pua juu ya lundo moja. Katika baridi vimelea vya ugonjwa huo huweza kudumu juu ya chakula kwa wiki kadhaa, hivyo hata anayekuja baada ya mwenzake kuondoka huyakuta mate yake. Mwaka 1998 ugonjwa ukapatikana kwenye ng'ombe wa mfugaji, na mwaka 2000 jimbo likapoteza ile hadhi yake. Wafugaji ambao hawakuwahi kumwaga hata ndoo moja ya karoti ndio waliochinjiwa mifugo.

Hapo ndipo huwa nakosa subira na mtu anayesema "ni ardhi yangu, ni mahindi yangu". Kulungu si wako. Analala kwako, anakunywa kwa jirani, na anakohoa kwa mfugaji wa tatu.

Kifua kikuu angalau ni bakteria. Ule ugonjwa wa kudhoofika ambao wawindaji huuita CWD ni mbaya zaidi, kwa sababu chanzo chake ni prioni, protini iliyojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine zijikunje vivyo hivyo mpaka ubongo unatoboka matundu kama sifongo. Uligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliokuwa wakifugwa kwenye kituo cha utafiti Colorado. Mwaka 1981 ukaonekana kwa elki wa porini, jamaa mkubwa wa kulungu, mwaka 2002 ukafika Wisconsin, na leo umeenea katika majimbo mengi ya Marekani na sehemu za Kanada. Hauna chanjo wala tiba, aliyeupata atakufa. Mnyama huutoa katika mate, mkojo na kinyesi kwa miezi mingi kabla hujamwona akikonda, na prioni ikishaingia kwenye udongo hukaa humo kwa miaka. Hori lililotumiwa na kulungu mgonjwa msimu uliopita linabaki kuwa hori la ugonjwa hata baada ya kuondolewa.

Norwe waliona mambo hayo mwaka 2016, reindia wa porini (jamaa wa kulungu wa nchi za baridi) katika milima ya Nordfjella alipokutwa na ugonjwa huo, wa kwanza kuthibitishwa barani Ulaya. Serikali iliamua kuliua kundi zima la ukanda ule, karibu wanyama 2,000, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 2018. Wachunguzi waligeukia pia mawe ya chumvi ambayo wafugaji huwawekea kondoo malishoni, kwa kuwa reindia walikuwa wakiyaendea kuyalamba. Chumvi si hata chakula. Ilitosha kuwa mahali ambapo ndimi nyingi hukutana.

Najua jibu linalokuja: kulungu hukutana hata bila sisi, hulambana, hufuatana, hulala pamoja. Sawa. Lakini hao huwa wa ukoo mmoja, jike na binti zake na ndama wao. Hori huwakutanisha koo ambazo zingepishana mbali, mahali palepale, kila siku, kwa miezi. Jibu la pili ni kwamba sheria katika sehemu nyingi hutenganisha chambo cha msimu wa kuwinda na chakula cha nje ya msimu, kana kwamba cha kwanza ni hila na cha pili ni sadaka. Kwa mwindaji tofauti ipo. Kwa mate haipo. Tena kulisha nje ya msimu hudumu miezi mingi zaidi kuliko chambo, na huangukia wakati wanyama wamedhoofika.

Sheria nazo hazijatulia. Michigan ilipiga marufuku kulisha na kuweka chambo katika rasi yake yote ya kusini kuanzia 2019. Mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha muswada wa kuondoa marufuku hiyo kwa upande wa chambo, na gavana akakataa kuusaini. Hasira za wawindaji naelewa zilikotoka. Mtu aliyelelewa kwa kumwaga mahindi na babu yake hapendi kuambiwa babu alikuwa akisambaza maradhi.

Upande wa pili una hoja moja ambayo siwezi kuipita juu juu, nayo inatoka milimani. Huko Austria kulungu wekundu zamani walishuka mabondeni baridi ikianza. Mabonde hayo sasa ni miji, barabara na mashamba. Wakibaki juu bila chakula, huchuna magome ya miti ile ile inayozuia maporomoko ya theluji yasifunike nyumba zilizo chini. Kwa hiyo huwekewa nyasi kavu na saileji (majani mabichi yaliyovundikwa) kwa ratiba, tangu kabla ya theluji hadi majani yachipue, bila kukatisha. Hiyo ni kazi, tena kazi yenye akili, haifanani na gunia linalotupwa Jumamosi mtu akipata nafasi. Na bado kifua kikuu kimepatikana kwa kulungu wekundu wa Tirol, jimbo la hukohuko Austria, na hori zikawa sehemu ya tatizo.

Wyoming, jimbo la magharibi mwa Marekani, inaonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. Hifadhi ya Taifa ya Elki iliyo karibu na mji wa Jackson ilianzishwa mwaka 1912, baada ya watu kuchukua malisho ya baridi ya elki na wanyama hao kufa kwa wingi. Zaidi ya karne moja baadaye bado wanalishwa, maelfu kwa maelfu, ugonjwa wa brusela, unaoharibu mimba, umekaa ndani ya kundi, na CWD imeingia katika jimbo hilo. Wataalamu wengi wangependa kulisha kukome. Lakini ukiacha ghafla, elki watahamia kwenye nyasi za wafugaji wa ng'ombe, na wengine watakufa mbele ya macho ya watalii. Anayeanza kulisha leo kwenye shamba lake anapaswa kujiuliza nani atalisha akichoka au akihama, kwa sababu majike walioshiba huzaa mapacha, mapacha hukua, na ardhi haikuongezeka.

Kama pesa ya kununua chakula ipo, iingie ardhini. Msumeno wa mnyororo mwishoni mwa baridi hufanya kazi mbili kwa mpigo: matawi ya juu ya mti ulioangushwa huwa machipukizi ya kuliwa siku hiyohiyo, na mwanga unaopenya pale ulipokuwa mti huotesha majani na vichaka kwa miaka kadhaa ijayo, vinavyofikiwa na mdomo wa kulungu na wa spishi nyingine nyingi. Chakula hicho kimetawanyika, hakijai ukungu, na vijidudu vya tumbo vinakifahamu. Moto unaodhibitiwa hufanya hivyo kwenye nyasi na misonobari. Na msimu ukifunguliwa, waangushwe majike wa kutosha, jambo ambalo wapenda pembe hulikwepa sana, ilhali ndilo linalowaachia waliobaki chakula cha kuwatosha.

Wapo ambao sheria inawaruhusu na watalisha tu. Kwao nina machache: msianze katikati ya theluji, msimwage lundo, na mkimwona kulungu anayedhoofika, anayetokwa mate au asiyekimbia binadamu, wapigieni simu maofisa wa wanyamapori siku hiyohiyo badala ya kumwongezea chakula. Kichwa cha kila kulungu mtakayemwangusha kwenye eneo lenye CWD kipelekeni kupimwa. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa na nyama hiyo, ila ushauri wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa ni kutokula mnyama aliyekutwa nao, kwa hiyo nyama ikae kwenye friza mpaka majibu yarudi.