Nimekosa mimi

Kiswahili kina milango mingi ya kutokea. Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi amekivunja, anasema kimevunjika. Sisi wakubwa ndio hodari zaidi: pesa zimepotea, maneno yamenitoka, siku zimekwenda. Tukibanwa sana tunasema shetani alitupitia.

Haruni, ndugu yake Musa, alitumia mlango huo huo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 32, kinaeleza wazi kwamba alipokea dhahabu ya watu na kuitengeneza kwa patasi mpaka ikawa ndama wa kuabudiwa. Musa aliposhuka mlimani na kumuuliza, Haruni alianza na watu: unawajua hawa, wameelekea mabaya. Kisha akasema aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama. Akatoka! Patasi haitajwi tena.

Nami nimewahi kuificha patasi yangu. Nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu, majirani Wakatoliki tunaosali pamoja hapa Dar es Salaam, na bahasha ya michango ya msiba ilikaa kwangu. Nikachukua shilingi 40,000, nikanunua umeme na sare ya shule ya mtoto, nikijiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Jumamosi alfajiri, baada ya sala, mama mwenyekiti akaomba daftari. Nikasema, "Mama, hesabu zimeingiliana kidogo." Macho yote yakamwendea kijana aliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya. Hakuna aliyemtuhumu kwa mdomo. Yeye aliinama, akawa anafuta kioo cha simu yake kwa pindo la shati, anafuta tu, na kioo kilikuwa safi. Nilimwona. Nikafunga daftari.

Kesho yake kanisani alikaa safu ya mbele yangu. Tukafika pale pa kuungama: nimekosa mno kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Hayo maneno ya kutotimiza wajibu hayakuwemo katika sala ya zamani ya Kilatini, yaliingizwa na Misale, kitabu cha sala za Misa, ya 1970, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu. Nashukuru yaliingizwa, maana pesa ningeweza kuzirudisha kimyakimya usiku, lakini kule kunyamaza mwenzangu akishukiwa kungebaki palepale. Halafu tukajipiga kifua: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. "Nimekosa" peke yake ilishatosha, mtendaji yumo ndani ya neno. Sala inaongeza "mimi" ili nisipate pa kumwingiza mtu mwingine. Mkono ulinigomea kifuani.

Naamini unyenyekevu wa Mkristo unaanzia kwenye hiyo "mimi". Tumezoea kuutafuta katika sauti ya upole, au katika kusema "sisi sote ni wakosefu", na hapo ndipo tunapojificha vizuri kuliko popote. Dhambi ya wote haina mwenyewe. Hata "mimi si kitu mbele za Mungu" inaweza kusemwa kwa machozi na mtu ambaye bado hajarudisha elfu arobaini ya watu. Tena simaanishi mtu abebe yasiyo yake. Yule kijana hakuwa na kosa lolote la kunyenyekea kwalo, na mwenye kuonewa haambiwi akiri ili nyumba iwe na amani. Nasema kila mmoja aseme lililo lake, kwa jina lake na kiasi chake.

Nilikwenda kitubio. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na kijana anajua?" Sala yenyewe inaanza hivyo, naungama kwa Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu. Hao ndugu zangu wa kwanza ni majirani walioketi kwenye mkeka mmoja nami.

Jumamosi iliyofuata nikaomba dakika mbili. "Zile elfu arobaini nilizichukua mimi. Nilinunua umeme na sare. Nikanyamaza mkimshuku mtoto wa watu." Nikaweka pesa juu ya daftari, nikamkabidhi mama mwenyekiti vyote viwili. Kijana akasema, "Asante, mama," basi. Bado anapita kukusanya michango. Zamani alikuwa anaingia mpaka sebuleni, anakunywa maji. Sasa anasimama getini, nami namtolea mchango wangu palepale, nasubiri aandike.