Sasa Hapo Ujumbe Ni Nini?

Jumamosi iliyopita nilikaa Mwananyamala, chini ya mwembe, kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi, pamoja na watu kama kumi na tano tuliokuja kumsikiliza mchora katuni ambaye pengine hujawahi kumsikia. Simtaji jina. Aliniambia nikitaka kumwandika nimwandike hivyohivyo, maana ofisini kwao hawajui kama anachora, na bosi akijua tu ataanza kumchoresha kadi za sendoff ya binti yake, bure.

Mambo yalikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye maswali. Akasimama baba mmoja, shati limepigwa pasi likanyooka, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni Jumamosi saa kumi jioni. Akajitambulisha kwa majina yake yote matatu. Akawashukuru waandaaji, na waandaaji hawakuwepo, tulipigiana simu tu. Kisha akasema: "Nampongeza sana kijana wetu. Swali langu ni dogo. Hii kazi yako, ujumbe wake kwa jamii ni upi?"

Kijana akajikuna shingo. Akakigeuza kijarida chake, akatazama nyuma, kama vile ujumbe ulikuwa umeandikwa huko akausahau.

"Mzee wangu," akasema, "ujumbe ni kwamba mvua ilinyesha."

Watu wakacheka. Baba akakaa, uso haujaridhika. Mimi nikapandwa na hasira, na leo ni Jumatano bado haijashuka.

Kwa ambao toleo lenyewe halijawafikia: ni kurasa 24, nyeusi na nyeupe. Masika. Mto Msimbazi umepanda barabarani pale Jangwani kama kawaida yake, Barabara ya Morogoro imefungwa, mwendokasi hakuna. Mama muuza maandazi anatoka Kariakoo na ndoo yake tupu, anakwenda kwake Magomeni. Kwake panaonekana. Ni pale ng'ambo, mabati anayaona kwa macho, ila maji yako katikati. Anaigeuza ndoo, anaikalia. Anakuja mwanamume amekumbatia feni ya mezani. Wanasimama kimya, yaani mmoja kakaa mmoja kasimama, hadi mama ananyanyuka na kumwambia, "Kaa na wewe." Kisha kurasa sita nzima ni miguu. Miguu ya watu, viatu mkononi, suruali zimekunjwa, na maji. Ukurasa wa 19 mwanamume anauliza, "Yatapungua?" Mama anajibu, "Yatapungua." Ukurasa wa mwisho giza limeingia, taa za Magomeni zinawaka, maji palepale.

Basi. Imekwisha.

Mara ya kwanza niliisoma ndani ya basi nikitokea Kivukoni, nikapitiliza kituo changu. Nimekaa Dar maisha yangu yote, nimekwama Jangwani mara ambazo sizihesabu, nimeona picha za mafuriko yale kwenye magazeti kila mwaka, zikiwa na mkuu huyu na mkuu yule wamevaa mabuti wakinyoosha vidole. Sijawahi kuona mtu aliyechora kule kungoja kwenyewe, ile saa ya tatu ya kusimama, ambapo hata kulalamika kumeisha na mnabaki mnaangaliana viatu. Halafu mtu anasimama na kitambulisho chake anauliza ujumbe.

Najua ugonjwa huu tuliupatia wapi. Tuliupatia darasani. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi: tulikariri kama majina ya mito. Kidato cha tatu tulipewa shairi, tukaambiwa tutaje ujumbe wake, hoja nne. Lilikuwa shairi la mtu anayemwaza mama yake aliyefariki. Niliandika kwamba ujumbe siujui ila nimelipenda na limenikumbusha bibi. Nilipata sifuri, pamoja na maneno kwa wino mwekundu: "Jibu swali." Rafiki yangu aliyekuwa dawati la nyuma aliandika kwamba jamii ipige vita ukimwi, jamii iwasomeshe watoto wa kike, jamii iache rushwa, na vijana wajitume. Alipata zote nne. Shairi halikuwa na ukimwi wala rushwa, lakini mwalimu alisahihisha kwa furaha kabisa. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba ujumbe si kitu unachokikuta ndani ya kazi. Ni kitu unachokuja nacho kutoka nyumbani, kama kijiko cha kwenda nacho msibani.

Tungekuwa tumezaliwa hivyo ningenyamaza. Lakini hatukuzaliwa hivyo! Hebu tuulizane sisi tuliokulia kwenye vinyozi na mabaraza. Mjomba wangu wa Magomeni alikuwa na rundo la Sani, lile jarida la katuni, chini ya godoro, kashika kingo kwa sindano na uzi ili zisichanike. Humo Ndumilakuwili alikuwa na ujumbe gani? Alikuwa tapeli. Anatapeli leo, anaumbuka, toleo lijalo anatapeli tena, wala hajutii. Lodi Lofa je? Lofa tu. Madenge alikuwa mtoto mtundu ambaye mzazi yeyote angemchapa, na ndiye sote tuliyetaka kuwa yeye. Philip Ndunguru aliyewachora alifariki mwaka 1986 akiwa kijana mbichi, na watu wake wakaendelea kuishi kwa mikono ya wachoraji wengine, kwa sababu wasomaji walikataa kuwazika. Hakuna mtu anayekataa kuuzika ujumbe.

Na Sani yenyewe ilikuwa nini kama si kazi ya watu binafsi wenye kichaa chao? Jina tu linakwambia: Saidi na Nico, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, wamekata vipande vya majina yao wakavibandika pamoja. Wizara haikuwepo hapo, mfadhili hakuwepo hapo.

Haya, najua mtakachosema. Katuni za siasa. Sawa. Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru alisema mambo ambayo wenye midomo waliogopa kuyasema. Kipanya wa Masoud ameongea asubuhi nyingi kuliko wabunge wengine miaka yao yote mitano. Mchoraji Gado tulimzaa hapahapa Dar, mwaka 1992 Nairobi wakamchukua na bado tunajisifu naye. Hao wana ujumbe, tena wa kuchoma, na nchi bila wao ingekuwa mbaya zaidi. Nimekubali. Ila mtu akipika pilau vizuri haina maana kila sufuria mtaani lazima iwe ya pilau.

Kuna Mmarekani mmoja, Harvey Pekar, karani wa mafaili kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Cleveland. Hakujua kuchora kabisa, alikuwa anachora watu wa vijiti na kuwapelekea wachoraji. Mwaka 1976 akaanza kuchapisha vitabu vya katuni kwa pesa yake mwenyewe, vyote kuhusu maisha yake: kazini, kwenye basi, kugombana na mkewe. Ana hadithi nzima kuhusu kusimama kwenye foleni ya dukani nyuma ya bibi mmoja anayebishana na mtu wa kaunta. Foleni! Sisi wa Dar, mabingwa wa foleni, tulimwachia mtu wa Cleveland ndiye aichore. Alifariki mwaka 2010, na karani alibaki karani hadi alipostaafu. Namtaja kwa sababu kijana wetu naye ni karani, na siku nilipomwambia habari za Pekar alikaa kimya muda mrefu kisha akauliza swali moja tu: "Kopi alikuwa anatoa kwa bei gani?"

Swali la haki. Tupige hesabu. Kurasa 24 ndogo ni karatasi sita za kawaida zikikunjwa, pande kumi na mbili, kwa kopi ya shilingi 100 hiyo ni 1,200. Jalada la manila, pini mbili za stepla na shukrani kwa dada wa steshenari, 300. Anauza 2,000. Kinachobaki ni 500, na nauli ya daladala ya kwenda kumpelekea mteja ni 600. Halafu kuna watu, tena wanaojiita mashabiki, wanapiga picha ukurasa, wanakata jina lake pale pembeni, wanauweka kwenye status na kuandika "noma sana". Sina la kuwaambia hao.

Na hana maajabu yote, nisije nikaonekana nimelishwa kitu. Toleo la pili liliandikwa "kurahi" badala ya "kurai" mara tatu. Akiahidi mwezi wa nne, tarajia wa nane. Mikono hajui kuichora, ndiyo maana watu wake wengi wameiweka mifukoni au wamebeba kitu. Nilimwambia. Akasema, "Umeona feni?"

Lakini hili la mwisho ndilo linaloniuma. Mwaka jana shirika moja lilimwita kwenye warsha hotelini, zile za juisi ya boksi na kalamu yenye nembo. Walikuwa wamemwona yule mama. Wakampenda sana. Dada mwenye kompyuta akasema, "Huyu mama ana sura inayoaminika. Na tayari ana ndoo! Anaweza kunawa mikono?"

Tafadhali nielewe vizuri. Kunawa mikono ni jambo zuri. Kipindupindu ni kweli, na kinapoingia Dar wakati wa mvua kinaua. Katuni za kufundisha zipo nzuri pia: Sara na tumbili wake Zingo, wa UNICEF, nilimsoma utotoni hadi jalada likatoka. Na pesa waliyompa kijana kwa picha nne ilikuwa zaidi ya aliyowahi kuiona kwa matoleo yote aliyotoa. Alikuwa na kodi ya miezi sita mbele yake. Mimi ningekuwa yeye ningemnawisha yule mama mikono, miguu na uso, nikamkata na kucha.

Akachora.

Mwezi wa pili nilimpeleka mwanangu kliniki, nikamkuta ukutani, juu ya sinki. Mama yuleyule, kitenge kilekile, ndoo sasa ina koki, sabuni mkononi, maneno makubwa ya buluu kichwani. Kanenepa kidogo. Wamempa tabasamu ambalo hakuwahi kuwa nalo ndani ya kurasa 24. Nilitaka kumwamkia. Mwanangu akauliza, "Baba, unamjua?" Nikasema ndiyo, nilikutana naye Jangwani. Kisha nikaona kitu. Macho hayakuwa kwenye mikono. Shirika lilikuwa limekagua sabuni, koki, rangi na nembo, na hakuna aliyekagua macho. Mama ananawa huku anatazama pembeni, nje ya picha kabisa, vilevile anavyotazama ukurasa wa 24.

Nilimpigia simu palepale kwenye korido. Akacheka hadi simu ikakata.

Nirudi Mwananyamala nimalize. Mkutano ulipoisha, vijarida vilivyokuja thelathini viliuzika vyote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Watatu walinunua kwa ajili ya watu wao, mmoja alinunua kwa mkopo, namjua na nitamfuatilia. Na yule baba mwenye kitambulisho akachukua viwili, akatoa noti ya elfu tano, akakataa chenji. Sikuipenda ishara hiyo. Nilikuwa nimeshampangia kabisa mtu wake wa aina gani.

Tukakutana tena kituoni Morocco, jioni, tukapanda basi moja bila kusalimiana. Alikaa dirishani, mimi nikasimama nyuma yake kidogo. Akafungua. Alisoma haraka kurasa za mwanzo, kidole kinatembea chini ya maneno kama tulivyofundishwa. Alipofika kwenye miguu, kidole kikakosa pa kutembea. Akakaa nayo hiyo miguu Kinondoni nzima. Akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Pale Jangwani basi lilipopunguza mwendo akainua kichwa akatazama nje, bonde lilikuwa kavu, vijana wanacheza mpira, naye akatazama tu hadi tukapita.

Nilitaka kuinama nimuulize, mzee wangu, sasa hapo ujumbe ni nini. Nikaogopa atanijibu.