Nakata Kijiti Tu

Yakhe, nani kawaambia watu msumeno wa moto ni jembe, unaazimwa asubuhi unarudishwa magharibi? Jirani yangu kauchukua juzi. "Nakata kijiti tu, hapo uani." Kijiti! Kumbe gogo la mnazi lililolala mchangani tangu masika, na misumari kalipigilia mwenyewe zamani, ya kamba ya kuanikia nguo. Karudisha msumeno umefutwa unang'aa, kama bwana harusi. Meno sasa? Butu kama kisigino. Ukikata hautoi vipande, unatoa unga. Weka maji usonge ugali.

Basi leo nimekaa barazani na tupa ya duara, milimita 4.8. Pembe digrii 30, sukuma mbele, inua, sukuma tena. Usiirudishe nyuma ikikwaruza, utaiua tupa. Jino moja linatazama kushoto, la pili kulia. Kushoto naenda vizuri, nikigeukia kulia mkono unakuwa wa mtu mwengine! Upande mmoja ukizidi, msumeno unakata upogo kama ngalawa isiyo usukani.

"Si upeleke kwenye grinda?" Nilipeleka, mjini Chake Chake. Dakika tano, cheche kama fataki za Idi, meno yakarudi ya buluu. Buluu, jamani! Chuma kimeungua, makali hakishiki tena. Na pesa nikalipa, na ahsante nikasema.

Nyie hamna majirani? Au ni mimi tu?

Ngojeni, kuna mtu anapiga hodi.

"Umeshautia makali? Kimebaki kijiti kimoja."