Tone Limehamia Chumbani

Yakhe, tone limehama. Lilikuwa likikaa ukumbini karibu na kabati la vyombo, tushazoeana nalo, lina beseni lake na tambara ndani ya beseni lisitupigie kelele, na mgeni akija analizunguka kwa adabu. Nikamlipa fundi aliondoe. Usiku wa kuamkia leo mvua ikashuka, ukumbi mkavu, beseni kavu, nikajinyoosha kitandani kwa heshima zote za mwenye nyumba. La kwanza likapiga chandarua. La pili likapenya, likanipata sikioni. Mama watoto akageukia ukutani: “Ndiyo matengenezo hayo?”

Masika yakiingia, Fuoni nzima, huku kwetu Unguja, ni mafundi. Huyu anakwambia paka lami, yule anakwambia tandika nailoni. Mama mkwe anasema tungebaki na makuti yetu, makuti hayana msumari. Kweli hayana. Yana panya.

Fundi mwenyewe sasa. Mvua ikinyesha hapandi, bati linateleza, na hapo simlaumu, ana watoto. Anakuja jua likiwaka. Anasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, anatazama juu.

“Mbona hapavuji?”

“Sheikh, hapavuji kwa sababu hainyeshi.”

“Basi itabidi tuinyeshee.”

Akanisomesha. Maji, anasema, hayadondoki pale yalipoingilia. Yanapita kwenye kitundu huko juu karibu na kofia ya paa, lile bati la kileleni, yanatambaa na mbao ya kenchi taratibu mpaka yakutane na fundo au ncha ya msumari, hapo ndipo yanapojiachia. Kwa hiyo utalitazama beseni mwaka mzima usilione tundu. Uingie darini mchana, gizani, utafute palipopenya mwanga. Nikaingia mie, kwa kuwa yeye ana kitambi. Nikaona nyota nyingi, nikatoka na utando wa buibui mpaka kwenye kofia yangu ya msikitini.

“Zote hizo hazivuji,” akasema. “Lete mpira wa maji. Tunaanzia chini kwenye ukingo, tunapanda kidogo kidogo. Ukianzia juu maji yanatapakaa, hujui lipi ni lipi.”

Nikafungua mfereji. Ukakohoa, ukanyamaza.

Basi nikaenda kuteka kisima cha jirani. Ndoo begani, ngazini, juu, fundi anamwaga. Nashuka, nateka, napanda. Mzee mwenye kisima yuko barazani na kikombe chake cha kahawa.

“Mwanangu, unamwagilia nini huko juu?”

“Bati, mzee.”

“Lishachipua?”

Sikumjibu, mtu mzima yule. Fundi huko juu anaita, “Vipi, pamevuja?” Mama watoto ndani anajibu, “Bado!” Ndoo nyingine. “Vipi?” “Bado!” Mie jasho linanitoka, nimo katikati ya ngazi, namuomba Mungu nyumba yangu ivuje. Tena kwa unyenyekevu. Mara ndani kelele: “Limevuja! Limevuja!” Watoto wanaruka, jirani kachungulia dirishani kudhani pana kheri, na mie nasema alhamdulillahi kwa sauti. Hivi ndivyo tulivyofikishwa.

Fundi akaita nije nione. Msumari umepigwa bondeni mwa bati, maji yote yanapopita, badala ya mgongoni. Na kampira kake kameshakauka kwa jua, kamepasuka vipande. Akautazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

“Mafundi wa siku hizi,” akasema.

Nyumba hii kaiezeka yeye.

Akaung'oa, akaziba, akapiga mwingine mgongoni. Halafu akatembea paa zima kukagua, na kitambi kile, anakanyaga popote badala ya kufuata mbao, bati linalia mguu kwa mguu. Ndiyo nakwambia, tone limehama. Limesindikizwa.

Na bati lenyewe! Niliuziwa geji 28. Namba ikizidi bati linapungua unene, hilo nilikuwa nalijua, nikaenda dukani kifua mbele nikitaja ishirini na nane. Sasa ukilibonyeza kwa kidole linaitikia. Chumvi ya bahari nayo haijalala, inatafuna misumari. Mchana bati linatanuka, usiku linasinyaa, msumari unalegea kila siku kidogo. Hata matajiri wa Mji Mkongwe walijenga majumba ya mawe na chokaa na paa bapa, masika yakawaonesha, nyingi zikaja kuvishwa mabati. Ila wao walikuwa na boriti. Mie nina mkopo, nina karo, nina gunia la mchele limeanza kulowa upande mmoja, na kitanda ambacho sasa tunakisukuma kila wingu likitanda. Nimechoka, jamani. Nimechoka kweli.

Na usinitajie kunguru. Waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 waje wale taka, sasa alfajiri wanakuja kugonga mifupa juu ya bati langu, pale pale penye lami mbichi. Leo mmoja kashuka uani akaiba sabuni. Sabuni ya mche, nzima, haijakatwa. Kapaa nayo mpaka juu ya mwembe, anaidonoa, ananitazama. Nimempigia kelele, mzee wa kisima kaniuliza nagombana na nani tena.