Makanisa yetu ya mlimani yawafuate wagumu, nimeona inavyofanyika Estes Park

Wapendwa Bwana Yesu asifiwe. Naingia moja kwa moja ili nisimmalizie mtu bando: makanisa yetu kule Kilimanjaro yamewaacha vijana wa utalii. Wagumu, yaani wabeba mizigo ya wageni mlimani, wapishi wa mlimani, waongoza watalii, wadada wa hotelini, madereva wa magari ya safari, wote hao tunawabatiza wakiwa wachanga, tunawapa kipaimara, alafu wakianza kazi tunawapoteza na hatuulizi wako wapi. Hili jambo nimekua naliona tangu mdogo lakini sikuwahi kuliwaza, mpaka likizo ya kiangazi iliyopita nilipokaa Estes Park na kuona wenzetu wanavyolishughulikia, na tangu nimerudi chuo huku Marekani haliniachi.

Kwa asiyepajua, Estes Park ni mji mdogo wa watalii jimbo la Colorado, ndio mlango wa hifadhi ya Rocky Mountain iliyoanzishwa 1915. Wakazi wenyewe ni kama elfu sita tu, ila hifadhi inapata wageni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka na wengi wao wanamiminika miezi ile ile ya kiangazi, kwa hiyo pata picha barabara moja ya mjini ikiwa imejaa magari, maduka ya ice cream na ya fulana, na wale wanyama wao elk, wakubwa kama pofu, wanakatiza barabara kama ng'ombe wa mtu. Ukiondoa hao elk ni Marangu kabisa. Mji unaoishi kwa mlima, msimu ukiwa mzuri watu wanakula, msimu ukiwa mbaya kila mtu ananuna. Kuna barabara inaitwa Trail Ridge Road, ya lami, inapanda mpaka mita 3,713. Mtu wa kwetu akisikia hiyo namba anajua ni Horombo hiyo, kambi ya njia ya Marangu kupanda Kilimanjaro, maana Horombo ni mita 3,720. Horombo mgeni anafika siku ya pili kwa miguu na mgumu yuko mbele yake na kilo 20 za mzigo, huku bibi kizee anafika kwa gari na kahawa yake mkononi, anapiga picha anashuka. Siku ya kwanza kupelekwa pale juu nilisimama nikawaza watu wote ninaowajua ambao mgongo wao umeharibika kwasababu ya huo huo urefu.

Nilikwenda kule na kikundi cha umisionari wa kiangazi, sisi tulikuwa wanafunzi wa vyuo mbalimbali. Utaratibu ni kwamba mnaajiriwa kwenye hoteli na loji kama mfanyakazi mwingine yeyote, mnalala kwenye mabweni ya wafanyakazi, mnakula kantini yao, na huo ndio umisionari wenyewe, kuishi nao. Mimi nilipangiwa hausikipingi, kutandika, kusugua vyoo, kubeba mashuka. Namna hii ya kufanya kazi ya Mungu ina historia ndefu huko, miaka ya mwanzo ya 1950 kijana mmoja mwanafunzi wa theolojia, Warren Ost, alikuwa anafanya kazi hotelini ndani ya hifadhi ya Yellowstone, akaona wafanyakazi wenzake hawana pa kuabudu, akaanzisha ibada pale pale, na mpaka leo huduma ile inapeleka vijana kwenye hifadhi nyingi za Marekani. Na pale Estes Park YMCA, hii hii ambayo nyie mnaijua kwa ile hosteli ya Moshi mjini, wana kambi kubwa sana na wapo kwenye ile milima tangu 1907.

Sasa sikilizeni hapa maana ndio penyewe. Jumapili kwenye mji wa watalii ndio siku ngumu kuliko zote. Wageni wa wikendi wanatoka, vyumba vyote vinageuzwa, jikoni hakukaliki, mtu wa resepsheni hana hata dakika ya kwenda chooni. Mjini makanisa yapo, mazuri, yana viti vya kukunja na kahawa, ila ibada yao ni saa tatu au saa nne asubuhi na muda huo mfanyakazi yuko ghorofa ya pili anavua foronya. Kwa hiyo sisi ibada yetu ilikuwa Jumapili usiku saa tatu, kwenye kantini ya wafanyakazi, baada ya shifti. Hakuna madhabahu, meza zimesukumwa ukutani, wawili wetu wako jikoni wanakaanga mayai na chapati zao zile nene za maji, gitaa moja, mtu anaingia na yunifomu yake na jina kifuani anavua viatu chini ya meza anakula kwanza ndio anasikiliza. Wengine walikuja kwa ajili ya mayai tu na hakuna aliyewasema. Walikuwepo Wajamaika, Wamexico, Wafilipino, na wanafunzi wa Romania na Ukraine waliokuja kwa ile visa ya J-1 ya kazi za kiangazi, Wakatoliki, Waorthodoksi, wasio na dini yoyote, wamechoka wote.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo nyumbani ingetusaidia sana, ukiwa kwenye shifti huhubiri. Mgeni wa hoteli hajalipia kusikia ushuhuda wako, na mfanyakazi mwenzako usimbane kwenye lifti. Mtu akikuuliza mwenyewe, unajibu. Nikakumbuka wahubiri wetu wa kwenye mabasi, unapanda Moshi unaenda Dar mtu anakuhubiria mpaka Mwanga kwa sauti ambayo hata dereva anaumia, alafu anapitisha bahasha. Mimi nasema kusafisha choo cha bafu la mtu vizuri na kwa uaminifu kulinifungulia mazungumzo mengi kuliko hizo kelele.

Kuna mgeni mmoja, mzee mstaarabu tu, aliniuliza inakuaje Mwafrika anatoka kwao kuja kuwa misionari Colorado, yeye amezoea kuchangia wanaokwenda upande ule. Nikamwambia kwetu Wajerumani wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893 na Wakatoliki walikuwa wameshaanza Kilema kabla yao, walipanda mlima kwa miguu, walijifunza Kichagga, walikaa. Bruno Gutmann alifika 1902 akaondoka kwa mara ya mwisho 1938, kizazi kizima hicho. Hakukaa sehemu akapiga kengele akasubiri Wachagga waje, alikwenda kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba wanapoishi. Mzee akafurahi sana na ile stori, ila mimi ndio nilibaki na kidonda, kwasababu wakati namwambia nilikuwa namuwaza kaka yangu, mtoto wa baba mdogo.

Huyu kaka ni mgumu. Njia ya Machame ni siku sita au saba, Marangu tano au sita, na msimu mkubwa ni Juni mpaka Oktoba alafu tena Januari mpaka Machi. Pigeni hesabu wenyewe, safari ya siku saba lazima ina Jumapili ndani yake, na mgumu mwenye bahati ya kazi anashuka leo keshokutwa anapanda tena. Ukimuona kanisani Jumapili ya Agosti ujue hana kazi. Alipotaka kumbatiza mwanae akaitwa kwa wazee, rejesta ikafunguliwa, haonekani ibadani, haonekani jumuiya, bahasha za ahadi ziko tupu, akaambiwa ajirekebishe kwanza ndio tuzungumze. Alijibu kwa heshima tu, "Nimewaelewa baba zangu," akatoka. Mtoto amebatizwa baadae sana na kwingine, na yeye kanisani ndio basi. Mtu ambaye mlimani ndiye anayeanzisha nyimbo, wageni wanamrekodi kwa simu akiimba pambio! Sauti ile ni ya kwaya ya watoto ya kanisa lile lile.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba huku ndio mbinguni, hapana. Katikati ya msimu mama mmoja wa Jamaika aliyekuwa upande wa kufua mashuka alifiwa na mama yake mzazi huko kwao na hakuweza kusafiri, tiketi ni ghali na mkataba wake angevunja. Viongozi wetu ni watu wazuri kabisa, wanampenda Mungu, wakakusanya watu wakamuombea, kadi ikapita tukasaini wote, maua yakanunuliwa, na kesho yake ratiba ikaendelea, michezo ya jioni kama kawaida. Mimi na dada mmoja Mkenya, mtu wa Kitale, tukatazamana. Haiwezekani mtu kafiwa na mama yake alafu analala peke yake chumbani na kadi. Tukapika wali na maharage kwenye jiko la bweni, tukabeba viti, tukaenda kukaa kwake. Hatukusema mengi, yeye ndio alisema, alituonesha picha za mama yake kwenye simu, nguo aliyomshonea, kipande cha kiwanja walichokuwa wanataka kujenga. Saa nne Wafilipino wakaja na sufuria la tambi, Wamexico wakaja na mikate, wakakaa mpaka kwenye korido, kumbe wote kwao wanajua msiba unakaliwaje ila kila mtu alikuwa anaogopa kuvunja taratibu za wenyeji. Tulikaa mpaka mazishi yakapita kule kwao, aliyaangalia kwa video kwenye simu na sisi tuko nyuma yake. Kwa maoni yangu hiyo ndio ilikuwa ibada kubwa kuliko zote za kiangazi kile na haikuwa kwenye ratiba.

Alafu Agosti ikaisha, kila mtu akaenda njia yake, grupu la WhatsApp likaimba wiki mbili likanyamaza. Wale wafanyakazi tuliowaambia ni familia yetu sijui nani anawajulia hali saizi zaidi yangu na Mkenya, maana wengine visa iliisha wakarudi makwao, wengine wamehamia vituo vya kuteleza kwenye theluji kutafuta msimu wa baridi. Nyumbani hili haliwezekani. Nyumbani jumuiya inakugongea alfajiri hujanawa uso, ukiumwa wanajua, ukikosa ada ya mtoto wanajua. Na kile kipindi cha mnada baada ya ibada, bibi hana hela kaleta mkungu wa ndizi au kuku, mwenye uwezo anaununua kwa bei mara tatu alafu anaurudisha unanadiwa tena, huku watu walinishangaa nilipowaelezea, wao sadaka yao inakatwa kwenye kadi ya benki kimya kimya. Siwezi kubadilisha hicho na chochote cha Colorado.

Ndio maana inaniuma. Watu wanaojua kukaa na mtu kiasi hicho wameshindwaje na mgumu? Jumuiya inagonga alfajiri na alfajiri hiyo yeye yuko kambi ya Barafu au Horombo anachemsha maji ya mgeni, basi tumehesabu hayupo, kwisha. Nishajibiwa hoja nyingi kuhusu hili nikiongea na watu wa nyumbani. Wanasema ile ni hifadhi hauwezi kwenda kufanya ibada unavyotaka, sawa, na hifadhi za Marekani pia zina vibali, watu wanaomba wanapewa, na sijasema mtu apande Kibo na kinanda, getini panatosha. Wanasema Jumapili ni Jumapili. Kristo alifufuka Jumapili ndio, lakini jumuiya zetu zinakutana siku za kazi na hakuna aliyesema ni dhambi. Na wanasema wagumu ni walevi, wakishuka na tipu wanaishia baa. Ni kweli wengi wanaishia baa. Mtu ametoka kwenye baridi ya wiki nzima, ana hela mfukoni, amechoka, wa kwanza kumkaribisha kwa jina lake ni mwenye baa. Sisi tulikuwa wapi hiyo saa?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linafanyika msimu huu huu. Wachungaji na wainjilisti mlio karibu na geti la Mweka mnajua kwamba wanaopanda Machame wanashukia hapo, na wa Marangu wanarudia geti lao hilo hilo. Ombeni kibali, au tumieni kiwanja cha mtu nje ya geti. Mtori wa moto, benchi, nusu saa ya neno mchana wanaposhuka, siku moja katikati ya wiki, iwe ile ile kila wiki wapate kuizoea. Iandikwe kwenye rejesta kama ibada kamili, aliyehudhuria hapo amehudhuria kanisani na mtoto wake abatizwe. Umoja wa vijana wapike, kwaya ipeleke watu wanne tu, nyimbo wagumu wenyewe wanazo. Msipitishe bahasha miezi ya mwanzo. Sisi tulio nje tunaweza kununua sufuria na unga na nyama, nimeshaongea na wenzangu kadhaa wa Minnesota na Texas wako tayari, tunachosubiri ni usharika mmoja useme sisi tutaanza. Akiwepo mtu anayesoma hapa ni mzee wa kanisa upande wa Kibosho, Machame au Marangu, naomba alipeleke kwenye kikao kijacho, na akitaka nimuelezee zaidi tulivyokuwa tunapanga kule Estes Park nitampigia, muda wake tu, hata kama huku ni usiku wa manane.